Ukuta wa Chumba cha Nne

Kosa nililifanya mimi. Naanza na hilo mapema, usije ukafika katikati ya habari hii ukaanza kunihurumia. Siyo Mzee Hatibu, siyo mvua, siyo udongo wa kule Singe. Mimi, Alois, mwenye diploma ya ujenzi iliyotundikwa sebuleni juu ya televisheni, ndiye niliyepiga plasta ya simenti kwenye ukuta wa tofali za udongo, halafu nikapaka udongo juu yake, kama mwizi anayepaka rangi pikipiki ya watu.

Na chuoni swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Ukuta wa udongo unapumua. Ukiufunga kwa simenti, unyevu unabaki ndani, unavimba, unakuja chini. Nilijibu vizuri nikapata vema. Kwa hiyo kujua nilijua. Nilichokosa ni subira, na nilikosa subira kwa ajili ya mwanamke.

Mwanamke mwenyewe ni Jovita. Mjane wa miaka arobaini na miwili, fundi cherehani, anashona sare za shule na magauni ya kwaya kwenye chumba cha kwanza cha nyumba ya marehemu babu yake pale Bagara, Babati. Watu wanaiita Milango Sita. Vyumba sita vimezunguka ua mmoja, kila chumba na mlango wake wa mninga, sakafu nyekundu ya kusuguliwa kwa nta, madirisha ya mbao ambayo hayajawahi kuona kioo. Babu aliijenga kwa ajili ya ndugu walioteremka kutoka Mbulu, kila familia na chumba chake, jiko moja la wote. Alipofariki, kila mtu akaacha kazi ya kuitunza kwa mwenzake. Miaka kumi na tano. Bati likala kutu, popo wakahamia darini bila kulipa kodi, kuta zikamenyeka kama muhogo.

Kaka yake Jovita, Herieli, anayeishi Arusha, alitaka ivunjwe zijengwe fremu za maduka. Jovita akakataa. Shangazi yao Paskalina, ndiye mkubwa aliyebaki kwenye ukoo, akakata shauri: ikarabatiwe ifanane na ilivyokuwa, na ikivuka masika, ibaki. Ukianguka hata ukuta mmoja, Herieli alete katapila.

Ndipo Jovita akaja kunitafuta.

"Nasikia wewe ni mtu wa utani," aliniambia siku ya kwanza, pini tatu zikiwa midomoni.

"Ni kweli, mama. Lakini kuta zangu huwa hazicheki."

Akacheka bila kudondosha hata pini moja. Mwanaume wa miaka arobaini na minane, aliyeachwa na mke na kuzoea kupika ugali wa mtu mmoja, hatakiwi kuyumbishwa na pini. Mimi niliyumba.

Kazi ya udongo nilimpa Mzee Hatibu, kwa sababu Babati nzima sijaona mkono kama wake. Anachukua udongo wa kichuguu, anachanganya na samadi ya ng'ombe na nyasi kavu, anaukanyaga asubuhi na jioni kwa siku saba, ukiwa umefunikwa turubai, ndipo anaupaka. "Udongo hauna haraka," huwa anasema. "Haraka anayo mwenye nyumba." Kila chumba kilikuwa na ukuta mmoja wa kupakwa upya; kuta tano alizipaka hivyo, zikatoka laini kama shavu.

Ukabaki ukuta wa chumba cha nne. Kile kilikuwa chumba cha marehemu mama yake Jovita, ambaye kila baada ya mavuno aliupaka ukuta wake mwenyewe, kiganja kikiacha alama kama upinde juu ya upinde. Jovita aliniomba kitu kimoja tu: "Ukuta wa mama ufanane na wa mama."

Wiki hiyo alikwenda Dareda kupima magauni ya kwaya. Herieli alikuwa anakuja Jumapili kukagua, na Jumapili hiyohiyo kaka yangu alikuwa anapeleka barua yangu ya posa. Udongo wa Hatibu ulikuwa na siku moja. Nikahesabu vidole, zilizobaki ni siku tano, saba hazitimii. Nikamtuma Mzee Hatibu aende Singe na mkokoteni wa punda akachimbe udongo zaidi, ambao hatukuuhitaji. Nikafunga mlango wa chumba cha nne. Simenti ilikuwepo ya kuziba msingi, hakuna aliyehoji. Siku mbili nikamaliza, na kwa kiganja changu hiki nikachora pinde za mama wa watu.

Mzee Hatibu aliporudi aliugonga ukuta kwa kidole.

"Fundi, ukuta huu umekauka upesi."

"Jua lilikuwa kali, mzee."

Akaniangalia. "Haya," akasema.

Jumamosi Jovita akaingia. Alisimama pale muda mrefu, mkoba bado begani. Halafu akasogea akaweka shavu lake ukutani, akafumba macho, machozi yakamtoka taratibu kama ya mtu aliyefika nyumbani.

"Umenirudishia mama," akasema.

Na mimi nikaipokea sifa ile kama aliyeokota simu ya mtu akaizima. Jioni ile, kwenye ngazi ya chumba hichohicho, aliniachia mkono wake kwa mara ya kwanza. Kidole cha shahada kilikuwa kigumu kwa kuchomwa na sindano. Nakikumbuka mpaka leo.

Barua ikapokelewa. Wakasema jibu litatoka baada ya mwezi. Kisha mawingu ya Mlima Kwaraa yakashuka, mvua ikanyesha wiki mbili, na Jumanne moja asubuhi ukuta wa chumba cha nne ukalala juu ya kitanda cha Mama Benedict, mpangaji aliyekuwa amehamia humo. Bahati nzuri alikuwa jikoni anakoroga uji. Kitanda kilivunjika miguu yote minne.

Jovita akamwita Mzee Hatibu mbele ya watu. Akamwambia amemdhulumu maiti. Akamwambia uzee siyo ruhusa ya kulipua kazi. Mzee alinitazama mimi tu, na mimi nilikuwa natazama futi kamba yangu, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale zaidi ya namba. Baadaye, tope likiwa bado limeifunika simenti, nilizoa vifusi peke yangu mpaka kipande cha mwisho, nikavitupa kwenye shimo kule Sigino. Watu wakanisifu kwa kujituma.

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo kwenye kikao cha familia, Jumapili baada ya misa.

Viti vilipangwa uani. Shangazi Paskalina alikaa katikati, kitenge kimefungwa vizuri kifuani, na mbele yake stuli yenye soda na barua yangu ya posa, soda ikiwa juu ya barua ili isipeperuke. Jovita alikaa pembeni yake. Hakuniangalia. Nilidhani ni haya, maana siku ile ndiyo nilikuwa najibiwa.

"Shikamoo Shangazi," nikasema.

"Marahaba. Kaa hapo nikuone."

Herieli hakukaa. Alikuwa anazunguka ua na viatu vyake vya Arusha, anakwepa madimbwi.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Tulikubaliana. Ukianguka ukuta mmoja, tunavunja. Umeanguka. Katapila nimeshaongea na mwenyewe, Alhamisi linafika."

"Ni ukuta mmoja kaka," Jovita akasema.

"Ndicho tulichoandikiana, mmoja. Jovita, udongo ni udongo. Hata Mungu alipoutumia kumtengeneza Adamu, huyo Adamu alidumu bustanini muda gani?"

"Mungu muache," Shangazi akasema. "Usimpandishe kwenye katapila lako."

Mama Benedict akacheka kule mlangoni kwake, akajifanya anakohoa.

"Na huyu bwana fundi," Herieli akaniangalia kuanzia kofia mpaka raba, "ndiye anataka kuwa shemeji yangu. Dada yangu ana cherehani mbili na akili timamu, anataka kuolewa na mtu ambaye kuta zake zinalala kabla ya wenye nyumba."

Kwa kawaida hapo ningemjibu. Mimi jibu huwa silikosi. Siku ile nilirekebisha kofia tu.

Mzee Hatibu akaingia getini. Alipofika kwenye sakafu nyekundu ya baraza alivua ndala, akazipanga pembeni, akamsalimu Shangazi shikamoo kwa kuinama. Jovita akamsogezea kiti. Yeye akakaa juu ya tofali.

"Mzee," Herieli akaanza, "chumba cha nne uliweka nini?"

"Mwulize mkuu wa kazi. Mimi nafanya nilichotumwa."

"Wewe ndiye mtu wa udongo."

"Ndiyo, mimi ni mtu wa udongo."

"Basi jibu."

"Nimeshajibu, mwanangu."

Jovita akageuka, akaniangalia kwa mara ya kwanza siku ile. Nayajua macho yake. Yakiwa na furaha yanakuwa madogo, yakiwa na hasira yanakwenda pembeni. Siku ile yalikuwa wazi kabisa, yametulia juu yangu, kama mtu anayeshikilia mlango ili uingie.

"Fundi," akasema. Hakusema Alois. "Wewe ndiye mkuu. Ukuta wa mama umeanguka kwa nini?"

Mlango ule ulikuwa wazi, nikapita dirishani.

"Mvua ilikuwa nyingi," nikasema.

Jovita akainamisha kichwa, polepole.

"Nyingi kwenye chumba kimoja?" Shangazi akauliza.

"Labda wingu lilikuwa na deni na Mama Benedict," nikasema, nikacheka.

Hakuna aliyecheka. Hata Mama Benedict, ambaye ukimwonyesha kidole tu anacheka.

"Imetosha," Herieli akasema. "Mzee Hatibu, wewe kuanzia leo kazi basi. Na nyumba inavunjwa Alhamisi. Tukitoka hapa tuijibu na hiyo barua, jibu lake si linajulikana."

Mzee Hatibu akainuka. Hakunitazama. Akaenda kwenye ndala zake, akavaa moja, kisha akageuka.

"Mama Paskalina, samahani," akasema. "Naomba mwiko wangu basi. Niliuacha chumba cha nne, nyuma ya mlango. Ule ni wa baba yangu."

Hapo ndipo niliposhindwa. Mtu ametukanwa kwa ajili yangu, amefukuzwa kwa ajili yangu, na kitu pekee anachodai duniani ni mwiko.

"Kaa mzee," nikasema.

"Niache niende."

"Kaa. Nakuomba kaa."

Nikavua kofia. Sijui kwa nini nilivua kofia, nadhani mikono ilitaka kazi.

"Ukuta ule hakuupaka yeye. Niliupaka mimi. Ndani ni simenti, juu ni udongo mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Nilimtuma aende Singe ili asione. Udongo wake ulitaka siku saba, mimi nilikuwa na tano, na nilitaka ukuta uwe umekamilika barua yangu ikifika. Jumanne alipokuwa anasemwa, nilikuwepo. Nilisikia kila neno. Nilinyamaza."

Sauti yangu ilisikika kama ya mtu mwingine, mtu ambaye nisingempa kazi.

Herieli ndiye aliyekaa sasa, kwenye kile kiti ambacho mzee hakukikalia. "Ama," akasema. "Nimekuja kukushtaki, umenipokonya kesi."

Jovita aliinuka, akaingia chumba cha cherehani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha sare, bluu. Akakiweka kwenye stuli, kando ya barua, akafungua.

Kilikuwa kipande cha ukuta, ukubwa wa sahani. Kijivu ndani, chekundu juu. Na kwenye ule wekundu, upinde wa kiganja. Changu.

"Nilikikuta Alhamisi," akasema. "Kilikuwa kimerukia chini ya kabati la Mama Benedict. Hukukiona ulipokuwa unazoa."

"Ulijua," nikasema.

"Mimi nashona, Alois. Nguo ikiwa na bitana naijua bila kuichana. Nilikwenda kwa Mzee Hatibu siku ileile, nikapiga magoti mlangoni kwake nikamwomba msamaha. Nikamwambia nakuja kukuumbua mbele ya watu kama nilivyomuumbua yeye. Unajua alinijibu nini?"

Mzee Hatibu alikuwa anatazama ndala yake.

"Alisema, mtu mzima akivuliwa nguo na mwenzake hazivai tena. Mwache avue mwenyewe. Nikasema sawa. Nimekusubiri Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jana ulikuja hapa ukanywa chai yangu, ukanisimulia habari za popo, nikacheka. Nikawa najisemea, sasa atasema. Akimaliza chai atasema. Ukaomba sukari."

"Mbona hukuniuliza tu?"

"Ningekuuliza ungenichekesha."

Nimesemwa na watu wengi maishani. Na wakandarasi, na walimu, na mama watoto wangu siku anafunga mizigo. Hakuna neno lililowahi kunikuta bila nguo kama lile.

"Nililaza shavu langu pale," Jovita akaendelea, na sauti ikaanza kumponyoka. "Nikamlilia mama yangu kwenye simenti. Wewe umesimama nyuma yangu unaniangalia. Ulikuwa unafikiri nini, Alois? Nataka kujua hilo tu. Ulipokuwa unaniangalia, ulikuwa unafikiri nini?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiri jinsi alivyo mzuri. Sikuweza kulisema. Lilikuwa jibu baya kuliko kukosa jibu.

Shangazi Paskalina akakohoa. Alikichukua kile kipande, akakigeuza upande huu na huu, akakirudisha.

"Herieli."

"Shangazi."

"Kuta alizopaka huyu mzee ni ngapi?"

"Tano."

"Zilizoanguka?"

Herieli akaangaza uani, chumba kwa chumba, kama anayetafuta msaada.

"Hakuna."

"Basi udongo haujaanguka. Kilichoanguka ni simenti, na simenti haikuwa kwenye makubaliano yetu. Mwambie mwenye katapila ugeni umeahirishwa. Masika ikiisha tutaonana."

"Lakini Shangazi..."

"Umenisikia. Mkuu wa kazi ni Mzee Hatibu kuanzia sasa hivi. Huyu mwingine atafanya atakachotumwa, kama atatumwa."

Kwa hiyo nyumba ilipona, na ilipona kwa yale maneno niliyoyaficha siku tano. Ningeyasema Jumanne, mzee asingetukanwa. Ningeyasema Ijumaa, Jovita asingecheka habari za popo na moyo umejaa mawe. Hesabu hiyo naipiga kila siku, na kila siku inatoka ileile.

Shangazi akainua chupa ya soda. Chini yake barua ilikuwa imelowa duara. Akaifuta kwa kitenge, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi yake.

"Hii leo ilikuwa ijibiwe," akasema. "Haijibiwi."

"Nimekataliwa, Shangazi?"

"Nimesema haijibiwi. Usiniongezee maneno, una ya kwako ya kutosha."

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa getini Milango Sita. Mzee Hatibu alishaanza, suruali imekunjwa magotini, anakanyaga udongo mpya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

"Kuomba radhi. Jana nilisema kwa watu, kwako sijasema."

Akaendelea kukanyaga. "Mimi nilikusamehe tangu lile jua kali," akasema. "Nilikuwa nasubiri tu likuchome. Deni lako liko dirishani kule."

Dirisha la chumba cha kwanza lilikuwa wazi. Jovita alikuwa amekaa kwenye cherehani, kola ya sare mkononi, pini tatu midomoni kama siku ile ya kwanza. Nywele amezifunga kwa kitambaa, macho yamevimba kidogo. Nikajua hakulala, nikajua na sababu. Njiani nilikuwa nimetunga kitu cha kumchekesha. Kizuri tu, kilinichekesha hata mimi pale stendi. Nikakiacha nje ya dirisha.

Nilivua raba zangu, nikaziweka pembeni ya baraza kama mzee anavyofanya.

"Jovita," nikasema. "Udongo wa ukuta wa mama unataka siku saba. Nimekuja kuomba niukanyage mimi. Asubuhi na jioni, mpaka siku ya saba. Kupaka atapaka mzee, mkono wangu hautagusa ukuta. Ukitaka nisiongee, sitaongea. Siku ya saba uje uutazame, ukisema haufai nitavaa viatu vyangu niondoke."

Mguu wake ukatulia kwenye kanyagio. Gurudumu la cherehani likazunguka kidogo lenyewe, likasimama. Alikuwa anaitazama ile kola, siyo mimi, na zile pini hakuzitoa.

Nyuma yangu miguu ya mzee ilikuwa inasikika kwenye matope, moja, nyingine, moja, nyingine. Mama Benedict alipita na ndoo, akaniona miguu mitupu, akapita.

Nikasubiri. Kisha nikarudia, kwa sauti ya chini zaidi.

"Siku saba tu, Jovita. Niruhusu."